Paka anachuchumaa, hakitoki kitu: kusoma dalili za maradhi makubwa ya paka

Kibopa alikufa kwa sababu ya mkojo. Alikuwa dume mnene wa miaka minne, mla dagaa, mlala juu ya friji. Ijumaa alianza kuingia na kutoka kwenye beseni la mchanga: anachuchumaa, anajikamua, analia kidogo, anatoka. Nikaamua mwenyewe kwamba amefunga choo. Kijana wa duka la dawa za mifugo alinisikiliza nusu, akasema, "Mama, mpe kijiko cha mafuta ya kula, kesho atafungua." Nikampa. Jumamosi akatapika, nikasema mafuta yamemkataa. Jumapili alijificha chini ya kabati, mwili wa baridi. Jumatatu alfajiri alikata roho. Daktari wa mifugo niliyemsimulia baadaye aliniuliza swali moja tu: "Dada, mchanga ulikuwa umelowa?" Sikuwa nimeangalia.

Tangu siku hiyo nina daftari, na kila paka wa nyumbani ana kurasa zake. Mwongozo huu umetoka humo, pamoja na maswali ambayo madaktari wameniuliza kwa miaka. Nimeupanga kwa dalili kwa kuwa paka haji na jina la ugonjwa. Anakuja na beseni kavu, au bakuli la maji lililokwisha, au mbavu zinazopanda na kushuka upesi kuliko jana. Na kila dalili ina muda wake: nyingine inakupa saa, nyingine siku, nyingine wiki kadhaa. Ukikosea muda, hata ukilipata jina sahihi la ugonjwa umeshachelewa.

Andika kwanza hali yake akiwa mzima, maana bila hiyo hutajua kilichobadilika. Pumzi akiwa usingizini: hesabu kifua kikipanda mara ngapi kwa dakika moja, isizidi 30. Joto lake ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kitu, kwa hiyo usishtuke ukimgusa ukamwona wa moto kuliko wewe. Fizi ziwe za waridi na zenye unyevu. Uzito: mtie ndani ya kikapu, mpeleke kwenye mizani ya dukani, toa uzito wa kikapu. Watu watacheka. Paka wa kilo 4 aliyepungua nusu kilo ni kama mtu wa kilo 80 aliyepungua kilo 10, na chini ya manyoya macho hayaoni.

Anachuchumaa, hakitoki kitu

Muda: saa.

Swali la kwanza ni la yule daktari. Fukua mchanga. Kama kuna mabonge ya mkojo ya kawaida na kinyesi ndicho hakipo, huenda kweli amefunga choo. Kama mchanga ni mkavu, au kuna vitone viwili vyenye damu, na paka ni dume, ondoka nyumbani sasa hivi, hata kama ni usiku. Alama nyingine: analamba uume bila kuacha, anakojoa sakafuni au kwenye sinki, hataki kuguswa tumbo, anatapika. Kibofu kilichojaa huwa kigumu kama chungwa chini ya tumbo, upande wa nyuma. Ukikigusa usikiminye, kinaweza kupasuka.

Madume ndio wanaokufa kwa hili kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mrefu na mwembamba sana mwishoni. Unazibwa na ute uliochanganyika na chembe za madini, au kijiwe, au kuta zake zenyewe zikivimba na kukakamaa. Mkojo ukirudi nyuma, sumu ambazo figo hutoa hubaki kwenye damu. Mbaya zaidi ni potasiamu: ikipanda, moyo unapiga polepole, halafu unasimama. Kuziba kabisa huua ndani ya siku mbili tatu, na paka huanza kulegea hata kabla ya siku ya pili. Kutapika kwa Kibopa siku ya Jumamosi hakukuwa na uhusiano wowote na mafuta. Zilikuwa ni zile sumu.

Tiba yake ni dawa ya usingizi, mpira wa mkojo na dripu, na kwa kawaida hulazwa siku kadhaa. Hakuna kidonge cha kuzibua. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni eti kupunguza maumivu. Vinamalizia figo ambazo tayari zimeumia. Akirudi nyumbani, siku za kwanza ndizo za hatari ya kuziba tena, basi usiache kukagua mchanga. Mwenye kuziba mara kwa mara hufanyiwa upasuaji wa kupanua njia, na wengi huishi vizuri baada ya hapo.

Jike naye hujikamua, lakini kuziba kwake ni nadra. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kwa paka ambao hawajazeeka, sababu kubwa ya kukojoa kwa shida si vijidudu bali ni kibofu kuvimba bila chanzo kinachoonekana, na wasiwasi huchochea. Mgeni aliyekuja na mtoto wa kuvuta mikia, kuhama nyumba, shume mpya anayezunguka dirishani. Ndiyo maana sindano ya antibaiotiki kila akikojoa damu ni kurusha mshale gizani. Kinachosaidia ni maji zaidi mwilini na utulivu. Dagaa wakavu waloweke, wachemshe, waondoe chumvi, kisha uwape na mchuzi wake. Mabeseni yawe moja kwa kila paka na moja la ziada.

Bakuli la maji halikai, na anakonda

Muda: wiki. Ila kuna jike mmoja ambaye muda wake ni saa, nitamtaja mwishoni mwa sehemu hii.

Paka ni mnyama wa asili ya jangwa. Akila chakula chenye majimaji anaweza asionekane kunywa kabisa. Kwa hiyo paka anayeng'ang'ania bakuli, ndoo ya bafuni na bomba linalovuja anakueleza jambo. Pima: mimina maji kwa kikombe chenye alama asubuhi, pima yaliyobaki asubuhi ya pili. Zaidi ya mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni kupita kiasi, yaani mililita 200 kwa paka wa kilo 4.

Sasa tazama anavyokula. Mzee anayekula kidogo, mdomo unanuka, manyoya yamesimama, anatapika asubuhi: fikiria figo kwanza. Anayekula kama kawaida au zaidi na bado anakonda: fikiria kisukari, hasa dume mnene aliyehasiwa, au tezi dundumio ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, hasa akiwa amevuka miaka 10, hatulii, analia usiku. Huu ni mwongozo wa kufikiri tu, si hukumu. Paka mmoja mzee anaweza kuwa na mawili kwa pamoja, na tezi inayokimbia huficha ubovu wa figo. Damu na mkojo ndivyo vinavyoamua, na vipimwe vyote viwili siku moja.

Kwenye figo, jua kwamba kipimo cha kreatinini, ambacho maabara nyingi zinacho, hupanda pale karibu robo tatu ya kazi ya figo imekwisha potea. Majibu "mazuri kidogo" ya paka anayekunywa sana yasikutulize. Uliza uzito wa mkojo wake, yaani umekolea au ni mwepesi kama maji. Figo zilizokufa hazirudi. Kinachofanyika ni kuzipunguzia kazi zilizobaki: chakula chenye fosforasi ndogo, maji, dawa ya kichefuchefu, na shinikizo la damu kupimwa. Hilo la mwisho watu hulisahau, mpaka asubuhi moja paka anagonga ukuta, mboni zimepanuka kama sarafu. Kapofuka usiku mmoja kwa shinikizo la damu. Akiwahiwa, baadhi hurudisha kuona.

Kisukari kina alama moja ambayo ukiiona mara moja hutaisahau: paka anatembea kwa visigino, miguu ya nyuma imelala chini kama sungura. Tiba ni insulini mara mbili kwa siku, pamoja na kuacha wanga. Hapa ugali na wali vinatoka kwenye bakuli, samahani. Paka wanaotibiwa mapema wengine hufika mahali wakaachana na sindano kabisa. Hatari ni sukari kushuka: analegea, anayumba, anaingia degedege. Pakaa asali kwenye fizi, usimwagie kooni, kisha daktari. Na siku asiyokula, usimchome kwa mazoea. Piga simu kwanza.

Ugonjwa wa tezi dundumio kwa paka ulielezwa na madaktari mwaka 1979 tu, kule New York, basi usimlaumu mzee anayekwambia zamani haukuwapo. Dawa yake ni ileile wanayotumia binadamu, ila kipimo ni cha daktari wa mifugo.

Yule jike: hajafungwa kizazi, alikuwa kwenye joto wiki chache zilizopita, sasa anakunywa maji mengi, tumbo linatuna, hali chakula, huenda anatokwa usaha nyuma. Mji wa mimba umejaa usaha. Hiyo si mimba. Upasuaji ni leo.

Hali chakula

Muda: siku mbili, tatu mwisho, na paka mnene ana muda mfupi zaidi. Watu husema "atakula akisikia njaa." Mbwa labda. Paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula, mwili unahamishia mafuta kwenye ini, ini linajaa mafuta mpaka linashindwa kazi, na hapo hata njaa yenyewe inaondoka. Masikio kwa ndani na fizi vinageuka manjano. Anaponywa kwa kulishwa kupitia mpira wa shingoni kwa wiki kadhaa, jambo linaloonekana la kutisha na ambalo paka wengi hulivumilia kuliko bwana wao.

Lakini kwa nini aliacha kula? Fungua mdomo kwanza. Vidonda vya ulimi na fizi nyekundu sana zinaelekeza kwenye mafua ya paka au ugonjwa wa fizi. Pua iliyoziba inatosha kumfanya asile, kwani asichonusa hakili. Pasha moto samaki kidogo. Angalia chini ya ulimi kama kuna uzi umejinyonga. Nyumba yenye cherehani ijue hili: uzi ukionekana mdomoni au nyuma, usiuvute. Upande wa pili umeshika utumbo na utaukata kama waya.

Mtoto wa paka asiyechanjwa anayetapika, anaharisha, ameinamia bakuli la maji bila kunywa: hiyo ni panlukopenia, ugonjwa wa parvo wa paka. Ni wa saa. Dripu mapema huokoa baadhi yao.

Tumbo linajaa, mgongo unakwisha

Muda: siku.

Kitoto mwenye tumbo duara, kila mtu atasema minyoo, na mara nyingi watakuwa sahihi. Mpe dawa ya minyoo. Lakini kama ana miezi kadhaa hadi miaka miwili, homa haishuki kwa antibaiotiki yoyote, uti wa mgongo unachomoza huku tumbo likitikisika kama mfuko wa maji, mpeleke akatolewe maji hayo kwa sindano. Yakiwa ya manjano, mazito, yanayonata, daktari atafikiria FIP, ugonjwa wa paka wa uvimbe wa ndani ya tumbo. Kuna kipimo cha zamani kiitwacho Rivalta kinachohitaji maji safi, tone la asidi ya siki na tone la maji ya tumboni: tone likibaki limejikunja badala ya kuyeyuka, shaka inaongezeka. Hakihitaji mashine, kwa hiyo hakuna sababu ya kukikosa.

Chanzo ni kirusi cha korona cha paka, ambacho wengi wanaoishi kundi hukibeba tumboni bila taabu zaidi ya kuharisha kidogo. Ndani ya paka wachache hujigeuza na kuanza kuvamia chembe za damu. Kuna namna kavu isiyo na maji, ambayo hushika macho na mishipa ya fahamu, na hiyo ni ngumu kuitambua. Si korona ya watu, haikuambukizi.

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa moja, nalo ni kumlaza, yaani kumuua bila maumivu. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa California walitoa matokeo ya paka 31 waliochomwa dawa iitwayo GS-441524. Watano walikuwa wamezidiwa wakafa mapema. 26 walimaliza wiki 12 au zaidi za tiba, na wengi wao wakaendelea kuishi. Kwa miaka wenye paka walinunua dawa hiyo kwa njia za panya. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema haitawazuia madaktari wa mifugo kuiagiza kwa kutengenezewa. Cyprus, kisiwa chenye paka wengi mno, mwaka 2023 mlipuko ulipowakumba serikali iliruhusu paka wapewe vidonge vilivyokuwa vya binadamu wenye Uviko. Kwetu dawa hii ni ghali na ya kuagiza, sitakudanganya. Ila muulize daktari wako kwa jina lake. Ukiambiwa "FIP haina tiba," umejibiwa kwa elimu ya kabla ya 2019.

Homa zinazorudi, fizi zisizopona, majeraha yanayooza na uvimbe wa tezi kwa shume mpiganaji vinaita kipimo kingine: tone la damu kwa virusi viwili, FIV kinachodhoofisha kinga ya mwili na FeLV cha saratani ya damu. FIV, iliyogunduliwa 1986, hupita kwa kuumana sana, na mwenye nayo anaweza kuishi miaka mingi akihasiwa na kukaa ndani. FeLV hupita hata kwa kulambana na ni kali zaidi. Yenyewe ina chanjo. Hakuna kati ya hivyo kinachompata binadamu, hata jirani akiiita "ukimwi wa paka."

Anapumua kwa mdomo, au miguu ya nyuma imekufa ghafla

Muda: dakika.

Paka hahemi kama mbwa. Akifungua mdomo na shingo ameinyoosha, usimwogeshe, usimshike kwa nguvu, usimmezeshe chochote. Mweke kwenye kikapu chenye hewa, nenda. Inaweza kuwa maji kuzunguka mapafu, moyo, nimonia au pumu. Pumu huwa na kikohozi cha kujikunyata chini ambacho wengi hudhani anataka kutapika manyoya. Fizi nyeupe kwa kitoto aliyejaa viroboto: damu imenyonywa, naye anaweza kuhitaji kuongezewa.

Miguu ya nyuma kupooza mara moja, paka akipiga kelele za maumivu, nyayo zimekuwa baridi na za buluu, ni damu iliyoganda imetoka moyoni ikaziba mshipa mkubwa wa nyuma. Nimesikia watu wakisema amegongwa na pikipiki, na mmoja akisema amerogwa. Aliyegongwa mara nyingi ana kucha zilizochubuka na nyayo za moto. Wengi wa paka hawa hawaponi, na dawa ya maumivu ni haki yao kabla ya uamuzi wowote.

Moyo mwingine huharibika kwa chakula. Mwaka 1987 iligunduliwa California kwamba paka wakikosa taurini, moyo hupanuka na kulegea, nao hurudi wakipewa. Chakula cha mbwa hakina ya kuwatosha. Nyama na samaki vinayo.

Anatetemeka, anatoka mate

Muda: dakika. Uliza nyumba nzima nani kampaka nini.

Dawa ya kupe ya mbwa yenye permetrini huwaua paka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe pia, ambayo bado naona watu wakiichovya kwa kitambaa na kumpaka paka viroboto. Mwogeshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mkaushe, mpeleke pamoja na chupa yenyewe. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Panadol ni sumu kwake: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, fizi zikigeuka rangi ya udongo na uso ukivimba. Kwa anayekula samaki wabichi peke yake kwa wiki nyingi, akianza kuinamisha kichwa na kuyumba, huenda ni upungufu wa vitamini B1.

Na kama paka amebadilika tabia, anashambulia bila sababu, anatoka mate, taya limelegea, hajachanjwa: usimguse. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali ya watu siku hiyohiyo.

Kidonda kwenye ncha ya sikio jeupe kisichopona, hasa kwetu pwani penye jua: saratani ya ngozi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kukata ncha mapema huwa kunamponya.

Kuishi naye

Tausi, jike wangu wa miaka 14, ana figo mbovu mwaka wa tatu sasa. Namtundikia dripu chini ya ngozi ya mabega mara mbili kwa wiki, chupa nikiwa nimeipasha kwenye beseni la maji ya moto, yeye amekaa ndani ya droo ya nguo. Ananichukia kwa dakika kumi. Vidonge namvingirishia kwenye nyama ya samaki, na kila kidonge kikavu nafuatisha maji kidogo kwa bomba la sindano, maana dawa kama doksisaiklini ikikwama kooni inachoma.

Fedha zikiwa kidogo, mwambie daktari mapema, umuulize kipimo kipi kitabadilisha tiba na kipi ni cha kujua tu. Swali hilo limeniokolea zaidi ya punguzo lolote. Penye vyuo vya udaktari wa mifugo, kama Sokoine pale Morogoro, Kabete kwa Nairobi na Makerere, utapata vipimo ambavyo duka la mtaani halina.

Katika daftari naandika pia kama leo amekula mwenyewe, amejilamba, amekuja mlangoni. Mambo hayo yakikosekana siku tatu mfululizo naongea na daktari kuhusu kumlaza. Hulegezwa kwanza, halafu hupewa dawa ya usingizi kupita kiasi. Unaweza kumshika muda wote. Nyumbani kwetu hatutumii njia nyingine, na wanaume wanaokuja na gunia nawarudisha mlangoni.

Akifa kwa panlukopenia, zika au choma matandiko yake, osha vyombo na sakafu kwa sabuni, kisha kwa jiki, sehemu moja kwa maji 32, uache dakika kumi. Kirusi hicho hukaa ndani ya nyumba hata mwaka mzima, kwa hiyo kitoto kipya kisiingie kabla hakijamaliza chanjo, ambazo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka ya 16.